Bibi Shamba Anajibu: "Nipande mikorosho kwenye shamba la mama?"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Kusini mwa Tanzania, na karibu zote zinaongelea korosho. Hata aliyeanza kuuliza habari ya ada za shule alimalizia kwenye korosho. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lililomo naliona katika nyumba nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi, nilikofanya kazi ya ugani hadi kustaafu.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi wilaya ya Tandahimba. Baba alifariki akatuachia ekari tano za mikorosho. Pembeni yake kuna ekari mbili na nusu ambazo mama analima muhogo, mbaazi, kunde na njugu mawe. Msimu wa 2024/25 korosho zilipita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Nilinunua pikipiki na kumwezekea mama nyumba kwa bati. Sasa nataka zile ekari mbili na nusu nazo nizipande mikorosho ya kubebesha, yaani miche iliyounganishwa, ile mbegu ya kituo cha utafiti cha Naliendele. Mama amekataa kabisa, anasema nitamlaza njaa. Nimempigia hesabu nikamwonyesha kwamba mazao yake yote ya mwaka mzima hayafikii thamani ya magunia matatu ya korosho. Wajomba wamegawanyika. Naomba unisaidie kumwelewesha mama.
— Kijana wa Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Umefanya vizuri kumwezekea mama bati. Lakini kazi uliyonipa siiwezi, maana katika jambo hili mimi niko upande wa mama. Nikubalie nikueleze kwa nini.

Tuanze na hesabu yako. Kwa bei ya 2024 iko sawa. Sasa ipige tena kwa bei nyingine. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kama watafiti wanavyoelekeza, ekari moja inaingia miti 28. Tuseme mti uliokomaa na kutunzwa vizuri unakupa kilo 10, basi una kilo 280 kwa ekari. Kwa shilingi 4,000 ni 1,120,000 kabla ya makato. Kwa shilingi 2,000 ni 560,000. Salfa, dawa ya kupulizia ukungu wa mikorosho, haishuki bei kwa sababu mnada umeshuka. Kibarua wa palizi naye hakupunguzii, na gharama za gunia, ghala na usafiri ni zilezile. Kwa hiyo bei ikishuka nusu, kinachobaki mkononi mwako kinashuka zaidi ya nusu. Halafu kumbuka kwamba mche utakaoupanda sasa utaanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu, na utafika kwenye uzao wake kamili miaka kadhaa baadaye. Bei ya 2024 unaitumia kuamua, lakini wewe hutauza kwa bei hiyo.

Mwaka 2018 ulikuwa kijana mkubwa tayari, naamini unakumbuka. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, haijawahi kutokea kabla ya hapo, na bei ikafika 4,000. Watu wakapanga maisha kwa bei hiyo. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaja na 1,900, wengine 2,700, na wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, mmoja akalipwa, mwingine akaambiwa asubiri. Wako waliosubiri hadi mvua zikaisha.

Nilipita katika nyumba nyingi kipindi kile. Sina takwimu ya kukupa, nakupa nilichokiona. Nyumba iliyokuwa na muhogo ardhini na mbaazi kwenye kihenge ilikasirika, ililalamika, lakini ilikula. Nyumba iliyokuwa imepanda mikorosho hadi ukutani ilikopa unga dukani mwezi wa pili, wakati debe la mahindi linakuwa ghali kuliko wakati wowote wa mwaka. Na mwenye duka naye alikuwa anasubiri malipo hayohayo ya korosho ili alipe mzigo wake. Fundi wa bati, dereva wa bodaboda, muuza mitumba, wote walikuwa wanatazama mnada mmoja. Halmashauri yenyewe inakusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye hizohizo korosho, na humo ndimo zinamotoka fedha za kumalizia darasa na zahanati. Kwingine mtu akikwama humkimbilia ndugu anayefanya shughuli tofauti. Kwetu ndugu naye anakuwa amekwama siku hiyohiyo, kwa sababu ileile. Hili ndilo linalonitisha kuliko bei yenyewe.

Mama yako nadhani anakumbuka mbali zaidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Fikiria hilo, mwanangu: zao lililokuwa limetulisha na kutuvika likaanguka likabaki chini ya sehemu moja ya saba ndani ya miaka 13. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumshawishi arudi kupalilia. Kisha ubwiriunga ukaingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na wakati huo salfa ilikuwa bado haijafahamika vijijini. Watoto wa miaka ile walikulia ugali wa muhogo. Mama anapokataa kung'oa muhogo, anayo sababu aliyoiishi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliandika, labda kwa sababu hukuliona. Umeandika "ekari mbili na nusu ambazo mama analima." Mikorosho ya baba imekuja kwako na kwa ndugu zako. Ekari za muhogo ni za nani? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, zamani ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na shamba la chakula mwanamke alilisimamia mwenyewe. Mkorosho ulibadilisha mengi. Mti unaishi miaka 40 na zaidi, na aliyeupanda ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye pale ulipo. Mbaazi ya mama inaondoka msimu ukiisha, na mwakani anaamua tena apande nini. Siku utakapochimba mashimo yako pale, uamuzi huo utakuwa umemtoka mikononi kwa maisha yake yote yaliyobaki. Korosho zitapimwa chama cha msingi cha ushirika kwa jina lako, fedha zitaingia kwenye akaunti yako, na yeye atakuwa anakuomba ya unga. Hata ukiwa mwana mwema, na barua yako inaonyesha kwamba u mwema, utakuwa umemfanya mama yako awe mtu wa kuomba. Nadhani wajomba waliosimama upande wake wanaliona hili, ila wanaona haya kulisema mbele yako.

Basi ufanye nini na hamu yako ya kuongeza kipato, maana hamu hiyo ni njema? Zile ekari tano za baba zina umri gani? Mashamba mengi ya Tandahimba niliyoyaona yana miti iliyosongamana, matawi yamefungamana, jua halipiti, ukungu unastarehe humo. Punguza miti iliyobanana. Pogolea. Miti mizee isiyozaa unaweza kuikata kisha ukabebesha vikonyo vya mbegu bora kwenye machipukizi yake. Maafisa ugani wanafundisha kazi hiyo, na TARI Naliendele ndiko vikonyo vinakotoka. Fanya mistari michache kila mwaka, siyo shamba zima kwa mpigo. Salfa anza kupuliza maua yako mwenyewe yanapochomoza, usisubiri jirani aanze. Nimeona wakulima wakiongeza mavuno bila kuongeza hata robo ekari, kwa kazi hii tu.

Na malipo ya kwanza yakiingia, kabla ya kitu kingine chochote, nunua chakula cha kuanzia Januari hadi Aprili pamoja na salfa ya mwakani. Kinachobaki ndicho kipato chako. Pikipiki itoke humo.

Kwa mama, mwanangu, nenda ukamwambie umeacha wazo hilo. Halafu muulize kama anahitaji vibarua wa palizi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Masasi. Mume wangu alichukua fedha za kangomba, yaani malipo ya korosho kabla ya kuvunwa, mwezi wa nane, shilingi 1,000 kwa kilo, kwa ahadi ya kutoa magunia sita msimu ukifika. Fedha zote zilikwenda kwenye dawa ya kupulizia na matibabu ya mtoto, hakunywa hata senti. Sasa mnada umeanza na bei ni mara tatu ya hiyo. Mwenye fedha anakuja kila jioni kukaa barazani kwetu. Tumpe korosho? Naogopa na kushtakiwa.
— Mama Wanne, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru umeandika kwamba fedha hazikunywewa, maana watu wakisikia kangomba haraka wanamhukumu mwanamume kuwa mlevi. Wengi ninaowafahamu walioingia humo waliingia kwa ajili ya ugonjwa, msiba, ada au salfa.

Magunia sita ya kilo 80 ni kilo 480. Mlipokea shilingi 480,000. Kwa bei ya shilingi 3,000, korosho hizo ni 1,440,000. Anataka mumlipe 960,000 kwa kuwakopesha kwa miezi miwili au mitatu. Huo si mkopo ambao mtu mwenye haki anaweza kuudai mbele ya wazee. Na biashara yenyewe imepigwa marufuku. Korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi, ziende ghala kuu, ziuzwe mnadani. Hana mkataba anaoweza kuuonyesha kwa kujiamini, ndiyo maana anakuja barazani jioni badala ya kwenda ofisini mchana.

Lakini msikae kimya wala msimkimbie. Alitoa fedha zake na mtoto akatibiwa. Ushauri wangu ni huu: pelekeni korosho zote chama cha msingi kwa jina la mumeo, tunzeni stakabadhi. Kisha muiteni mtu huyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili watatu, mumeo aseme wazi kwamba deni la fedha analitambua na atalirudisha kwa fedha malipo yakiingia, pamoja na nyongeza ya shukrani mtakayokubaliana. Yaandikwe, watu waweke sahihi. Akitoa vitisho, nendeni polisi au kwa watoa msaada wa kisheria wilayani. Mimi ni mtu wa mashamba, mambo ya mahakama wao wanayajua zaidi yangu.

Sasa la mwakani. Kangomba haina uhusiano na uvivu. Kahawa ya Kagera ina ndugu yake, wenyewe wanaiita butura, mambo ni yaleyale: zao linalipa mara moja kwa mwaka, na gharama kubwa zinakuja kabla ya malipo. Mikorosho inataka salfa kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha. Mwenye fedha anaijua kalenda hiyo vizuri kuliko mkulima mwenyewe. Kwa hiyo kinga yenu ni kuwa na fedha nyingine, hata ndogo, inayoingia kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Masasi mna bahati ya ufuta. Minada yake huanza wakati huohuo salfa inapohitajika. Ekari moja ya ufuta inaweza kununua dawa ya mikorosho yenu bila kumpigia mtu magoti. Ukiongeza kikoba cha wanawake ambacho hugawana mwezi wa saba badala ya Desemba, mtakuwa mmefunga mlango mkubwa. Nimeona vikundi vikibadilisha mwezi wa mgao kwa sababu hiyohiyo na vikasaidia sana. Lipeleke wazo hilo kwenye kikundi chako. Kama huna kikundi, kianzeni wenyewe.

Mtoto anaendeleaje? Niandikie.

SWALI: Assalaam alaykum Bibi Shamba. Nasoma safu yako nikiwa Wete. Huku kwetu ni karafuu tupu. Maneno unayowaambia watu wa korosho yanatuhusu na sisi?
— Msomaji wa Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Yanakuhusuni sana, na nyinyi mna historia ndefu kuliko yetu. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu tangu wakati huo. Baadaye mnunuzi wenu mkubwa akawa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao zinazochanganywa na karafuu. Kisha Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe, wakajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaporomoka. Mkulima wa Wete hakukosea kitu. Hakuna palizi wala mbolea ambayo ingemsaidia, maana uamuzi ulifanywa ng'ambo ya bahari na watu wasiomjua.

Tena mkarafuu haukupi sawasawa kila mwaka. Unazaa sana mwaka mmoja, halafu unapumzika, na katika mapumziko hayo duka la mchele halipumziki. Wazee wenu wa Pemba walikuwa na ndizi, majimbi na muhogo chini na kando ya mikarafuu, na penye nafasi waliweka mdalasini na pilipili manga. Ningekuwa na shamba Wete ningefuata mpangilio huo hatua kwa hatua. Mwaka wa mavuno makubwa ndio wa kununua miche ya pilipili manga, kwa sababu mwaka wa kukosa mtu hanunui mche.

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Lindi. Wanafunzi wangu wameniuliza: kama tatizo ni kutegemea korosho ghafi, si tujenge viwanda tubangue wenyewe, tatizo liishe? Ningependa kuwajibu vizuri.
— Mwalimu, Lindi

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaouliza hivyo. Waambie kwanza kwamba viwanda vilijengwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12 vya kubangua, mitambo ya Italia na Japani, kwa mikopo, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lakini tazama tarehe. Ni miaka ileile ambayo mavuno yalikuwa yanaporomoka kuelekea chini ya tani 20,000. Mitambo ikakosa cha kubangua; baadhi haikuwahi hata kuanza kazi. Baadaye viliuzwa, na kadhaa vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Mtoto wa Lindi akisimama mbele ya jengo la namna hiyo anaweza kujifunza uchumi kuliko katika vitabu vingi.

Pili, wafundishe ugumu ambao wanasiasa hawausemi majukwaani. Korosho zinavunwa kwa miezi mitatu minne. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, kwa fedha za mkopo, na kilipe riba huku magunia yamekaa ghalani. Hapohapo mnadani kinashindana na wanunuzi wanaopeleka ghafi India na Vietnam, wenye mitaji mikubwa, na ambao viwanda vyao hupokea korosho za Afrika Magharibi katika miezi ambayo sisi hatuna. Côte d'Ivoire peke yake sasa inavuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kiwanda cha Mtwara kisipopata mkopo wa riba nafuu na nafasi ya kununua kabla ya mnada kuchangamka, kitafungwa hata kama kina mashine mpya.

Bado ninaamini tubangue. Kilo nne za ghafi zinatoa takribani kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, na kazi ya kuzifikisha hapo ni ajira za akina mama wengi. Nimeona vikundi vyao vikibangua kwa mkono, vidole vimepakwa mafuta au majivu kwa sababu ule utomvu wa ganda unaunguza ngozi, nikawaheshimu sana. Wanastahili glovu, mashine ndogo na soko. Lakini mwalimu, usiwaache wanafunzi wakiamini kwamba kiwanda kinaondoa utegemezi. Kinaongeza thamani ya zao lilelile. Ugonjwa ukiingia kwenye mti, au mvua ikinyesha juu ya maua, mkulima na mbanguaji watalala njaa pamoja. Waambie watafute pia nani atasindika muhogo wa Lindi. Swali hilo naliona limesahaulika, na muhogo hauhitaji mnada wa Oktoba.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina ekari nne mpya Nachingwea. Babu alituhadithia habari za karanga za Waingereza na reli iliyong'olewa, kwa hiyo zao moja naliogopa. Nimeamua nisipande korosho kabisa, nipande mbaazi shamba zima. Nimefanya sawa?
— Mkulima Mpya, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Babu amekuhadithia kweli tupu. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilifyeka mapori Kongwa, Urambo na hapo kwenu Nachingwea ili ipande karanga peke yake. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli pia. Karanga zilishindwa, bandari ikabaki, reli ikang'olewa.

Ila mbaazi shamba zima ni njia ileile. Agosti 2017 India iliweka ukomo kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na huku Kusini bei ikaanguka hadi kufika shilingi 150 kwa kilo sehemu nyingine. Watu waliziacha shambani kwa sababu kuvuna kulikuwa na gharama kuliko kuuza.

Fanya hivi. Ekari mbili panda mikorosho kwa mita 12 kwa 12, na kati ya mistari weka ufuta na mbaazi kwa miaka ya mwanzo, ukiacha kama mita moja na nusu kuzunguka kila mche. Ekari moja muhogo, chagua mbegu inayovumilia ugonjwa wa batobato, omba vipando kwa afisa ugani badala ya kuokota kwa jirani. Ekari ya nne igawe: mtama na kunde. Ufuta upande Januari au mwanzoni mwa Februari, usichelewe. Mabua yake ukishapura usiyachomee shambani, moto utakula miche ya korosho. Yatandaze kwenye mashina. Matawi ya mikorosho yakikaribia kugusana, hamisha ufuta na mbaazi kwenda ile ekari ya nne.